Ameharibikiwa

Lugha yetu ina namna tatu za kulitaja jambo moja, na kila namna ina hukumu yake. Mwanamke aliyekuwa na mimba ya wiki tisa, akaamka alfajiri akaona damu, na kabla ya adhuhuri mimba ikawa haipo tena, huenda majirani wakamsema uani kwamba "ameharibu mimba", kana kwamba alikuwa na kitu mkononi akakiangusha kwa uzembe. Au wakasema kwamba "mimba imeharibika", na hapo lawama ikamwondokea mtu ikabaki kwa kitu chenyewe. Au, na namna hii ni adimu vinywani ingawa sarufi imeiweka tayari tangu zamani, wakasema kwamba "ameharibikiwa", kama tusemavyo juu ya mtu aliyeondokewa na mzazi kwamba amefiwa, wala hatusemi kwamba ameua. Makala haya yameandikwa kwa namna hiyo ya tatu, kwa kuwa swali wanaloliuliza wake na waume baada ya msiba huu, yaani lini watafute mimba tena na kwa njia gani, ni zito kulijibu maadamu kile kitenzi cha kwanza kingali kimekaa kifuani mwa mwanamke.

Msiba wenyewe si mgeni. Mwaka 2021 jarida la utabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilikadiria kwamba ulimwenguni kote mimba milioni 23 hutoka zenyewe kila mwaka, sawa na mimba 44 katika kila dakika moja, na kwamba katika kila mimba 100 zilizokwisha kujulikana, takriban 15 huishia hivyo, nyingi katika hizo zikiwa hazijafika wiki ya 12. Katika arusi yoyote ya pwani, pale wanawake walipoketi mikekani wakiimba na kupeana tambuu, wamo kadha wa kadha waliopatwa na jambo hili, na pengine mmoja hajui kwamba aliyemgusa bega naye yalimpata; maana ni msiba ambao aghalabu huzikwa na aliyefikwa nao, peke yake, faraghani.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote imo katika hesabu. Ndani ya kila chembe ya mwili wa binadamu mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, ambazo idadi yake ni 46. 23 zimetoka kwa baba, 23 zimetoka kwa mama, na juu yake zimeandikwa, kama iandikwavyo hati, kanuni zote za kuujenga mwili. Yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume, kila moja kabla ya kukutana na mwenzake, sharti ipunguze nyuzi zake ziwe nusu ili zikikutana hesabu itimie. Na katika kugawanyika huko ndimo hitilafu inamopenya, uzi mmoja ukazidi au mmoja ukapungua, na mimba ikatunga juu ya hati yenye makosa. Mimba hiyo hukua siku kadha, pengine wiki kadha, kisha husimama pale ambapo kanuni zilizoandikwa hazitoshi tena kuiendeleza. Nusu ya mimba zinazotoka mapema, au zaidi ya nusu, sababu yake ni hiyo. Na hitilafu hiyo ilikuwamo tangu siku ya kwanza, kabla mwanamke hajajua kwamba ana mimba, kabla hajabeba ndoo wala kupanda daladala wala kugombana na wifi yake.

Hapa inafaa kueleza kwa nini umri una neno lake. Watu wengi hudhani kwamba mayai ya mwanamke huumbwa mwezi kwa mwezi. Walakini yote huwamo mwilini mwake tangu yeye mwenyewe alipokuwa tumboni mwa mama yake, yamesimama katikati ya kugawanyika, yakingoja zamu. Yai linalotoka mwanamke akiwa na miaka 22 limengoja miaka 22 na miezi yake, na linalotoka akiwa na miaka 42 limengoja miaka 42; na kitu kilichongoja muda mrefu katikati ya kazi nyororo namna ile hakikosi kukosea mara nyingi zaidi kinapoirudia. Uchunguzi uliofanywa Norwe na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mimba zilizotoka kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29 zilikuwa 10 katika 100, na kwa wale wa miaka 45 na zaidi zilikuwa 53 katika 100. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 39 anayeambiwa "ngoja kwanza, msiwe na haraka" ana haki ya kuuliza haraka hiyo inapimwa kwa saa ya nani.

Basi ukiwa na hesabu hiyo mkononi, zipitie zile sababu zinazotajwa mitaani. Husemwa ni chango la uzazi. Husemwa ni jicho la mtu. Husemwa ni sindano ya uzazi wa mpango aliyochomwa zamani, au kijiti alichowekwa mkononi. Na siku hizi, katika vyumba vingi vya dawa, kila lisiloeleweka huitwa UTI. Maambukizo ya njia ya mkojo yapo na yanastahili dawa, lakini hayawezi kubebeshwa kila mimba iliyotoka. Sindano ya miezi mitatu yaweza kuchelewesha kushika mimba kwa miezi kadha baada ya kuachwa, ila haitoi mimba itakayotunga baadaye. Kazi za kawaida za nyumbani hazitoi mimba iliyo salama, wala kitanda cha mume na mke hakiitoi, wala kilio hakiitoi. Ama husuda, huo ni mlango wa imani na kila mtu ana wake. Nasema tu kwamba haihitajiwi katika kueleza jambo linaloelezeka bila yake, na kwamba madhara yake makubwa niliyoyaona mimi ni yale ya kuwagombanisha mawifi.

Turudi kwenye swali la lini. Mashauri ni mengi na kila moja lina mzee wake. Yupo asemaye arubaini, kwa kuwapima walioharibikiwa kwa kipimo cha waliojifungua; yupo asemaye miezi mitatu ili "kizazi kipumzike"; na katika zahanati nyingi husemwa miezi sita. Hili la miezi sita lina asili inayojulikana: mwezi wa Juni 2005 Shirika la Afya Ulimwenguni liliwakusanya wataalamu mjini Geneva, nao wakashauri kwamba baada ya mimba kutoka mwanamke angoje angalau miezi 6. Ushauri huo uliegemea kwa sehemu kubwa takwimu za hospitali za Amerika ya Kilatini, ambazo ndani yake mimba zilizotoka zenyewe zilikuwa zimechanganywa na mimba zilizotolewa kwa mkono wa mtu, na mambo hayo mawili hayana hatari sawa. Mwaka 2010 zilitangazwa habari za wanawake zaidi ya 30,000 wa Uskoti ambao mimba yao ya kwanza ilitoka, na ilionekana kwamba walioshika mimba nyingine kabla ya miezi 6 kupita walikuwa na salama zaidi kuliko waliokawia. Mimba zao hazikutoka tena kwa wingi kama za wenzao. Mwaka 2022 Norwe ikaleta hesabu ya watoto karibu 49,000 waliozaliwa baada ya mama zao kuharibikiwa, na hata waliotungwa kabla ya miezi 3 kutimia hawakuonekana kuzaliwa njiti wala wadogo kuliko wengine kwa sababu ya haraka hiyo.

Nayatamka haya kwa hadhari moja. Uskoti na Norwe ni nchi za chakula kingi, zisizo na malaria. Mwanamke wa Muheza au wa Kilifi aliyetokwa na damu nyingi, na kabla ya hapo damu yake ilikuwa haitoshi, hayuko katika hali moja na mwenzake wa Glasgow. Kwake yeye miezi michache ya vidonge vya madini ya chuma, dagaa, maharagwe na mboga za majani si kungoja bure. Lakini sababu ya kungoja iwe ni damu yake iliyopimwa ikaonekana pungufu, isiwe ni hofu tu kwamba mji wa mimba ni shamba linalohitaji kulala mwaka.

Mwili wenyewe hurejea upesi kuliko wenyewe wadhanivyo. Baada ya mimba changa kutoka, damu huendelea wiki moja au mbili, kisha hukauka. Na yai jingine laweza kutoka wiki mbili tu baada ya siku ile, kabla ya hedhi yoyote kuonekana, jambo ambalo limewashangaza wengi walioamini kwamba wako katika mapumziko. Hedhi hurudi baina ya wiki ya nne na ya sita. Linalotakiwa kungojwa na kila mtu ni damu kukatika kabisa kabla ya mume na mke kuingiliana, kwa kuchelea maambukizo. Ama kungoja hedhi moja ipite, faida yake ni kwamba mkunga ataweza kuhesabu umri wa mimba mpya kwa urahisi, na asiyengoja hatendi kosa. Hukumu za twahara na sala waulizwe wanavyuoni, kwani zina milango yake kwa kadiri ya umri wa mimba iliyotoka. Mimi nasema habari ya mwili.

Limo pia jambo dogo linaloleta majonzi makubwa. Kipimo cha mkojo kinachouzwa madukani hutafuta homoni ya mimba, na homoni hiyo haiondoki siku ile ile mimba inapoondoka. Hukawia katika damu wiki kadha ikipungua taratibu. Mwanamke anayepima wiki mbili baadaye akaona mistari miwili aweza kufurahi kwa furaha itakayovunjika, na bora asiiamini mistari miwili mpaka awe amekwisha kuona mstari mmoja hapo kati, au apelekwe kupimwa damu mara mbili. Na anayetaka kujua siku za kushika mimba ajue kwamba ni sita tu katika mwezi, zinazoishia siku ile yai linapotoka, ambayo ni takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mbegu ya mume huishi mwilini mwa mke hata siku tano, na yai halimalizi siku moja na nusu. Lakini nyumba zilizogeuza kitanda kuwa kalenda ya serikali nimezisikia zikilalamika, na wakunga wenye busara huwaambia watu wakutane kila baada ya siku mbili tatu kama walivyozoea, waiache hesabu.

Wapo wanaotakiwa kungoja kwa kweli, na hao wasijilinganishe na majirani. Aliyekuwa na mimba zabibu, ambayo badala ya mtoto hukua vifuko vidogo kama kichala, sharti homoni yake ifuatiliwe mpaka ishuke na ibaki chini kwa miezi ambayo tabibu ataitaja, maana mabaki yake yanaweza kugeuka maradhi mabaya, na mimba mpya itaficha dalili. Ambaye mimba ilimtunga nje ya mji wa mimba akatibiwa kwa dawa ya methotreksati hungoja angalau miezi 3, kwa kuwa dawa ile huharibu kiinitete. Mwenye homa, au uchafu wenye harufu, au maumivu ya tumbo yasiyokwisha baada ya kusafishwa, huyo hana habari ya kutafuta mtoto. Ana habari ya kwenda hospitali leo hii. Na wale wanaouza "dawa za kusafisha kizazi" kwa chupa na kwa vipaza sauti, pamoja na vile vya kuingiza ukeni, sikuona bado sababu ya kuwaamini; mji wa mimba uliokwisha kutoa vilivyomo hujisafisha.

Kabla ya mimba mpya yapo machache ya kutengenezwa, na si ya gharama. Vidonge vya foliki asidi vya mikrogramu 400 kila siku, vikianzwa kabla ya kushika mimba na kuendelea mpaka wiki ya 12, huukinga uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Visiwe vile vikubwa vya miligramu 5 ila kwa amri ya daktari, kwa kuwa hivyo hupunguza nguvu ya dawa ya SP ambayo mjamzito hupewa kuanzia mwezi wa nne ili kukinga malaria. Chandarua chenye dawa kisingoje kadi ya kliniki. Malaria hutoa mimba, na kaswende hutoa mimba, tena kaswende huitoa ikiwa kubwa. Na kipimo chake ni cha dakika chache na dawa yake ni penisilini ya zamani, ila itakuwa kazi ya bure ikiwa mke amechomwa na mume amekataa kupimwa. Sukari ipimwe. Kundi la damu lijulikane, kwa sababu wachache wetu wenye damu ya alama hasi, kama mume ana alama chanya, huhitaji sindano ya kinga baada ya kuzaa, na pengine hata baada ya mimba kutoka, wasije wakajenga uadui na damu ya mtoto anayefuata.

Aliyeharibikiwa mara moja ana tamaa njema kabisa: wengi sana wa namna yake, zaidi ya wanne katika watano, mimba inayofuata huzaa mtoto. Waliopatwa mara tatu mfululizo ni kama mmoja katika wanawake 100, na hao wanastahili kuchunguzwa kwa makini, na hata mara mbili yatosha kudai uchunguzi pale ambapo pana uwezo. Kuna maradhi ambayo damu huganda upesi kupita kiasi, nayo hutibiwa kwa asipirini ya kiasi kidogo pamoja na sindano za heparini. Kuna hitilafu ya tezi ya shingo, na kuna mji wa mimba uliogawanyika kwa ukuta ndani. Na wapo wanawake ambao mimba huwatoka mwezi wa nne au wa tano au wa sita, bila ya uchungu mwingi, mlango wa kizazi ukafunguka wenyewe. Hao ndio waliofikiriwa na tabibu V. N. Shirodkar wa Bombay, mji ambao majahazi yetu yaliujua vizuri, alipotangaza mwaka 1955 namna ya kuushona mlango huo kwa uzi na kuufungua mtoto akikaribia kuzaliwa. Mshono wa aina hiyo hufanywa mpaka leo. Hata wale waliochunguzwa na pasionekane sababu yoyote, zaidi ya nusu yao huzaa baadaye bila ya dawa mahsusi, na hilo ni miongoni mwa mambo ambayo tabibu huyajua bila ya kuweza kuyaeleza.

Nimeuweka moyo mwisho ingawa katika mambo haya hutangulia. Kwetu pwani aliyefiwa hupewa makiwa, naye hujibu "tunayo", na kwa maneno mawili hayo huzuni huwa imegawanywa baina ya watu. Mimba changa haina tanga wala kaburi. Hakuna anayekuja na sinia, na anayekuja husema "utapata mwingine", neno la wema ambalo humwambia mama kwamba yule wa kwanza hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Utafiti wa hospitali za London uliotangazwa mwaka 2020 uliona kwamba mwezi mmoja baada ya kuondokewa na mimba changa, wanawake 29 katika 100 walikuwa na fadhaa ya aina ile ile wanayoipata walionusurika katika ajali, wakirudiwa na picha za siku ile usiku na mchana. Na baada ya miezi 9 walikuwa wamebaki 18. Mume naye hurudi kazini asubuhi ya pili, maana hakuna aliyemwambia kwamba amefiwa, na kimya chake mke hukisoma kama kutojali. Kwa hiyo yupo mwanamke anayetaka kujaribu tena mwezi ule ule kwa kuwa kungoja kunamuua, na yupo ambaye hataki kusikia habari hiyo mpaka mwaka ugeuke. Wote wawili wako sahihi, na mama mkwe mwenye hekima huuliza habari ya afya, haulizi habari ya tumbo.

Kisha mimba inakuja, na furaha haiji nayo kama ilivyokuja mara ya kwanza. Kila aendapo msalani huangalia kwanza. Kichefuchefu kikipungua siku moja moyo humpasuka, ingawa kichefuchefu huja na kwenda kwa kila mtu. Ada yetu ya kuficha mimba mpaka miezi mitatu ipite ina hifadhi yake, lakini humwacha peke yake katika miezi ile ambayo anamhitaji mtu zaidi. Na nadhani ingetosha kuwafichulia wawili, mume na dada mmoja, au somo yake. Akiona damu asikate tamaa wala asikae nyumbani kuona itakuwaje, kwani si kila damu ni mwisho, na kwa waliokwisha kuharibikiwa kabla, tangu uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2019, ipo homoni ya projesteroni ambayo tabibu aweza kumpa na ambayo imewafaa baadhi yao. Picha ya mawimbi ya sauti katika wiki ya saba au ya nane, ikionyesha moyo unaopiga, hupunguza hofu zaidi ya maneno yangu yote haya.

Na siku ya kliniki inafika. Anaketi kwenye benchi pamoja na wenzake wenye matumbo ya kila kadiri, anaitwa, muuguzi anaivuta kadi mpya, anauliza jina, umri, kijiji, kisha bila ya kuinua uso anauliza: "Hii mimba ya ngapi?" Nyumbani hakuna mtoto hata mmoja, na mtaani anahesabiwa kuwa hajapata kubeba. Anatazama mikono yake kidogo. "Ya pili," anajibu, na muuguzi anaandika 2.